Farumi

Mizani ya bafuni nimeileta gatini,
nikaiweka juu ya ubao usioyumba,
na kila kitu kinapanda kwa zamu
kama watoto wa kliniki:
pipa la chakula, kilo ishirini na mbili;
hema, bado bichi tangu mvua ya juzi, sita na robo;
shoka, sufuria, kamba, chupa ya mafuta ya taa;
mimi na viatu vyangu, themanini na nane.
Naandika yote daftarini.

Daftari lina miaka kumi na mbili.
Ukurasa wa kwanza: Saima, kilo kumi na tisa,
na jiwe miguuni pake ili omo isiinuke.
Mwaka uliofuata, ishirini na mbili, na jiwe dogo zaidi.
Alipofika arobaini jiwe tulilirudisha ziwani;
akalipungia mkono.
Mwaka jana: sitini na moja,
na kafi lake mwenyewe,
na ubishi ambao mizani haikuusoma.
Sasa yuko Winnipeg, anasomea meno ya watu.

Nikakaa tezi, mahali pangu pa siku zote.
Omo ikapaa kama pua ya mwenye kiburi,
kaupepo kadogo tu kakaishika, kakaizungusha,
nikaenda mrama mbele ya Verna Kabatay
aliyekuwa akiparua samaki gatini kwake.
Hakuinua kichwa.
"Unakaa nyuma huko," akasema,
"unamwangalia nani?"

Basi nikaugeuza mtumbwi, omo nikaifanya tezi,
nikapiga magoti nyuma kidogo ya kitovu chake.
Vizito chini, karibu na uti.
Vyepesi juu yake, navyo si vingi.
Pipa mbele yangu, kwa urefu wa mkono,
nimelifunga, lakini si kama mtu anayefunga hasira.
Kisha nikamwaga kikombe cha maji sakafuni
nione yatakwenda wapi.
Maji hayajui kumpendelea mtu.
Yakaenda mbele, yakasita, yakarudi,
yakatuama chini ya goti langu la kushoto.
Nikahamisha shoka kulia.
Yakasambaa.
Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani:
sikujua kwamba nako kunauma magoti.

Siku ya nne pipa limepungua kilo saba.
Nyingine nimezila, nyingine visubi wamezidai
kupitia shingo yangu.
Upepo wa mbele umeanza kuniuliza maswali.
Nikashuka chini ya misonobari, nikaokota jiwe
la rangi ya samaki mbichi, lenye vipande vya ulanga,
nikalilaza pale mbele, mahali pa miguu.
Mtumbwi ukatulia. Ukakata maji kwa sauti moja.

Mchana tukafika maporomoko.
Hatua mia tisa za kupita nchi kavu:
safari ya kwanza, mtumbwi mabegani,
kichwa changu ndani ya ngoma ya bati;
safari ya pili, pipa na hema;
safari ya tatu, nimelikumbatia jiwe tumboni
kama mtu anayetoroka na mali ya watu.
Katikati ya njia ndipo akili iliponifikia:
ng'ambo kule pwani nzima ni mawe.
Nchi hii yote ni mawe, na maji kidogo katikati.
Nikasimama. Kindi akanikemea kutoka juu.
Mikono ilikuwa ikitetemeka,
nami nilikuwa nikicheka, peke yangu,
mtu mzima, fundi wa mabasi ya shule.

Sikulitua.

Nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu,
nililiweka kwenye mizani.
Kilo kumi na saba na nusu.
Nikalishusha, nikagonga mizani kwa kidole, nikalipandisha tena.
Kumi na saba na nusu.
Nikaandika hivyo.